Safari ya mwalimu na mwanafunzi kabla ya kusafiri angani peke yako

Kuzunguka uwanja peke yako na kutua salama ni jambo moja. Kuuacha uwanja ukapotelea nyuma ya mkia ni jambo jingine kabisa, na ndiyo maana mwanafunzi wa urubani hurushwa kwanza safari ya aina hiyo akiwa na mwalimu pembeni. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) vinamtaka anayetafuta leseni ya urubani binafsi awe na angalau saa 10 za kuruka peke yake. Saa 5 kati ya hizo ziwe za safari ya kutoka uwanja hadi uwanja, na safari mojawapo isipungue kilomita 270, yaani maili 150 za baharini, akitua na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Nchi nyingine huongeza masharti yake juu ya hayo.

Mwongozo huu unahusu safari inayotangulia, ile ambayo mwalimu bado yumo. Wanafunzi wengi huichukua kama mtihani wa kufika. Lakini mwalimu akiwa kiti cha kulia, kufika ni karibu hakika. Kinachopimwa ni kama uamuzi unatoka kinywani mwako kabla yeye hajasema neno. Ukichelewa dakika tano lakini kila hatua umeiamua mwenyewe, umeiva. Ukifika kwa dakika uliyoandika huku kila kona ulikuwa ukimtazama usoni, bado.

Jioni ya kabla: mstari, alama, hesabu

Anza na ramani ya karatasi hata kama unatumia tableti. Kwenye ramani ya 1:500,000 sentimita moja ni kilomita tano, na mkono ukishazoea kipimo hicho utakusaidia sana baadaye, utakapolazimika kupanga njia mpya ukiwa hewani. Chora mstari kutoka uwanja hadi uwanja, kisha uufuate polepole kwa kidole ukitafuta milima, nguzo ndefu, na maeneo ya anga yaliyozuiwa au yanayohitaji kibali. Mstari ukigusa kitu cha namna hiyo, usiubembeleze; uvunje vipande viwili upite kando.

Alama nzuri ya njiani ni kubwa, iko peke yake, na ina kitu cha pili cha kuithibitisha. Ziwa lenye umbo la ajabu linafaa. Daraja la reli mahali mto unapopinda linafaa zaidi. Kijiji chenye barabara moja si alama hata kidogo, kwa sababu kutoka futi 3,500 vijiji hufanana, na mwenye hamu ya kukiona kijiji fulani atakiona popote. Jihadhari pia na vitu vinavyobadilika: mto wa msimu ukikauka hugeuka kama barabara ya vumbi, na bwawa hupungua likawa na umbo lisilo la kwenye ramani. Weka alama kila baada ya dakika 10 hadi 15 za kuruka. Zikiwa nyingi kuliko hapo utashinda umeinamia magoti badala ya kutazama nje. Mwishowe tafuta ukuta, yaani kitu kirefu kilichokatiza njia ng'ambo ya uwanja unakokwenda: pwani, reli, mto mkubwa. Ukikifikia kabla ya kuuona uwanja, unajua umeupita.

Sasa hesabu. Tuseme njia inaelekea mashariki kamili, nyuzi 090 za ramani, umbali maili 60 za baharini. Ndege inakwenda noti 100 hewani, noti moja ikiwa maili moja ya baharini kwa saa, na utabiri unasema upepo unatoka nyuzi 045 kwa noti 20. Pembetatu ya upepo, yaani mchoro unaounganisha mwendo wa ndege na wa upepo, itakupa uelekeo wa pua wa nyuzi 082 na kasi ya noti 85 juu ya ardhi, hivyo dakika 42. Kurudi, pua ni 278, kasi noti 113, dakika 32. Jumla ni dakika 74, na bila upepo zingekuwa 72. Wengi hudhani upepo wa mbisho wa kwenda hufidiwa na upepo wa nyuma wa kurudi. Haufidiwi wote, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi ndani ya ule unaokupinga. Upepo ukizidi, pengo linapanuka, na pengo hilo hulipwa kwa mafuta.

Nyuzi 082 ni za kaskazini ya ramani, na dira haiijui kaskazini hiyo. Tofauti ya sumaku ya eneo imeandikwa kwenye ramani: ikiwa nyuzi 2 mashariki, toa, upate 080, ingekuwa magharibi, ungejumlisha. Kisha soma kikaratasi kilichobandikwa karibu na dira, kinachoonyesha kosa la dira yenyewe ndani ya ndege hiyo. Kuna mtego hapa. Upepo wa kwenye utabiri hupimwa kwa kaskazini ya ramani, ilhali upepo anaokusomea mwongoza ndege mnarani ni wa kaskazini ya sumaku, ili ulingane na namba za njia ya kurukia.

Kimo nacho kina utaratibu wake. Katika nchi nyingi, ukiruka kwa kuona, yaani kwa kuongozwa na macho yako nje badala ya vyombo, zaidi ya futi 3,000, njia yenye nyuzi za sumaku 000 hadi 179 huchukua elfu za witiri na mia tano juu yake (3,500, 5,500), na ile ya 180 hadi 359 huchukua za shufwa (4,500, 6,500). Hakikisha kanuni za anga unayorukia, maana zipo nchi zinazopanga tofauti.

Mafuta yaandike kwa lita na kwa dakika, yote mawili. Ndege inayokula lita 35 kwa saa itatumia lita 43 kwa dakika zile 74. Ongeza lita 8 za kuwasha, kutembea ardhini na kupanda, na lita 12 za kugeukia uwanja mwingine umbali wa dakika 20. Akiba ya mwisho inayotajwa na kanuni za kimataifa kwa safari ya mchana ya kuona ni dakika 30. Kwa mwanafunzi nasema saa nzima, lita 35, na sibishani juu ya hilo. Zinakuwa lita 98, tena za mafuta yanayotumika. Kila tangi lina kiasi kinachobaki chini kisichofika kwenye injini.

Lita hizo zina uzito wa kilo 71 hivi, kwa kuwa petroli ya ndege ina kilo 0.72 kwa lita. Fanya hesabu ya uzito na mahali pa kitovu chake mara mbili: mara moja mwalimu akiwemo, mara ya pili kiti chake kikiwa kitupu. Hesabu ya pili haihitajiki kesho, lakini ndiyo itakayokueleza kwa nini wiki ijayo ndege itapaa mapema, itapanda haraka, na wakati wa kutua itaelea juu ya njia kana kwamba haitaki kugusa chini.

Asubuhi: wewe ndiye wa kwanza kusema

Soma taarifa za hali ya hewa za viwanja vyote vitatu, wa kuondokea, wa kufikia na wa akiba, pamoja na utabiri wake. Soma na NOTAM, yaani matangazo kwa marubani: njia ya kurukia inaweza kuwa imefungwa, mafuta hayapo, au eneo la anga limezuiwa kwa siku hiyo tu. Angalia joto la hewa na kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone. Namba hizo mbili zikikaribiana, ukungu au mawingu ya chini hayako mbali.

Joto peke yake pia ni adui. Uwanja ulio kwenye kimo cha futi 4,000 una joto la kawaida la nyuzi 7 za Selsiasi. Siku ikiwa na nyuzi 27, kila nyuzi iliyozidi huongeza takriban futi 120, hivyo ndege itajiona iko futi 6,400. Itahitaji njia ndefu zaidi, na itapanda kwa uvivu. Fungua majedwali ya kitabu cha ndege uhesabu urefu wa kuruka na wa kutua kwa viwanja vyote, si kwa ule wa nyumbani tu.

Kisha mwendee mwalimu na jibu, si swali. Usiseme, "Mwalimu, unaonaje hali ya hewa?" Sema, "Mwalimu, tunakwenda. Mawingu yakishuka chini ya futi 2,500 kabla ya alama ya pili, narudi." Akikubali, akikataa, akikuchimba kwa maswali, umekwisha kuamua na una sababu. Mipaka yako iwe mikali kuliko ya kisheria. Sheria haijui kwamba juzi ndiyo mara yako ya kwanza kutua kwenye upepo wa ubavuni.

Kabla ya kupanda, kubalianeni mambo mawili. La kwanza ni usukani: anayeutoa anasema, anayeupokea anajibu, na aliyeutoa anathibitisha, ili kusiwe na sekunde hata moja ambayo kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayeendesha. La pili ni kimya. Mwombe mwalimu asiseme chochote isipokuwa usalama, sheria au anga iliyozuiwa viko hatarini. Walimu wengi watafurahi. Wachache hawawezi kunyamaza, na hao waombe kwa upole tena mkiwa hewani.

Saa, ramani, ardhi

Ukishatoka kwenye mzunguko wa uwanja, pita juu ya kitu unachokijua kwa hakika, shika uelekeo, na uandike saa. Usiseme utaikumbuka. Dakika mbili tatu za mwanzo jiulize swali la kitoto: jua liko upande unaotarajiwa? Mto uko kushoto kama ramani inavyosema? Kosa la kuweka 180 badala ya 080 hujionyesha hapo, na ni aibu ndogo kuliko kuligundua baada ya nusu saa.

Jairo ya uelekeo, chombo cha gurudumu linalozunguka kinachoonyesha pua inakoelekea, huhama polepole, kwa hiyo ilinganishe na dira kila baada ya dakika 10 hadi 15. Fanya hivyo ndege ikiwa imenyooka, kasi haibadiliki, mabawa yako sawa. Dira ikiwa ndani ya kona au kasi inapoongezeka hudanganya.

Halafu inakuja kanuni ninayoiona kuwa kubwa kuliko nyingine zote za safari ya kuona. Anza na saa, nenda kwenye ramani, ndipo utazame ardhi. Saa inasema dakika 14 zimepita. Ramani inasema kwa dakika 14 unapaswa kuwa karibu na maungio ya reli na barabara kuu, ziwa likiwa kushoto. Sasa inua macho uyatafute hayo. Ukigeuza mpangilio, ukaanza na ardhi, utaona barabara fulani chini, utashuka kwenye ramani kuitafuta, na ramani haitakunyima: ina barabara nyingi, na mojawapo itafanana. Kuanzia hapo kila unachokiona utakilazimisha kikubaliane na kosa. Reli isiyokuwepo utasema imefichwa na miti. Marubani wenye maelfu ya saa wamenaswa hapo, basi usidhani u mwerevu kuliko wao.

Ishara ya kwamba unajidanganya ni visingizio. Ukijikuta unaieleza ramani kwa nini imekosea, rudi kwenye saa na uelekeo. Endelea kuruka ulichokipanga hadi alama inayofuata. Usipinde kufuata kitu kinachofanana na alama yako. Mwenye kupinda bila kuandika saa na nyuzi amepoteza vyote viwili kwa mara moja.

Alama ikitokea lakini iko pembeni, furahi, umepata cha kuhesabia. Kila nyuzi moja ya kukosea hukutoa maili moja kwa kila maili 60. Tuseme umeruka maili 30 na upepo umekusukuma maili 2 kulia kwa njia. Hizo ni nyuzi 4 za kosa. Ukigeuka nyuzi 4 kushoto utakwenda sambamba na mstari bila kuurudia. Zimebaki maili 30 nyingine, hivyo ongeza 4 za kukurudisha kwenye mstari uwanjani kwenyewe: jumla 8, pua kutoka 080 hadi 072. Ukiwa katikati kabisa ya safari, daima ni mara mbili ya kosa. Linganisha pia saa: kama alama imechelewa dakika 3 katika nusu ya kwanza, uwanja utachelewa 6. Andika saa mpya ya kufika, na uwaambie wanaokuongoza.

Kila dakika 15 hivi pitia ndege yenyewe. Mafuta yaliyobaki na tangi linalotumika, redio na masafa yanayofuata, joto na shinikizo la oili, jairo dhidi ya dira, shinikizo la hewa lililowekwa kwenye altimita, yaani kipima kimo. Kama injini ina kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na mafuta, fungua hewa ya moto kwa sekunde kadhaa usikilize. Barafu ya kabureta haisubiri baridi; hewa yenye unyevu mwingi inaweza kuitengeneza hata kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, kwa sababu ndani ya kabureta joto hushuka ghafla.

Na GPS? Ijue, itumie, lakini safari hii mwalimu akiifunika kwa karatasi usilalamike.

Kugeuzwa njiani

Mahali fulani, mara nyingi ukiwa umeanza kustarehe, mwalimu atasema uwanja mbele umefungwa, upeleke ndege kwingine. Wengi hushika rula na kuanza hesabu huku ndege ikipanda, ikishuka, ikikata kona. Ndege kwanza. Iweke sawa, na kama hujui ulipo kwa hakika, nenda hadi alama inayofuata au zunguka juu ya ile uliyonayo.

Kisha chora mstari kwa mkono mtupu. Kadiria uelekeo kwa kulinganisha na mstari wa kwanza: kama ule ulikuwa 090 na huu unapinda robo duara kwenda kusini, ni karibu 180. Umbali upime kwa kidole gumba. Jioni ya kabla, pima pingili yake ya juu kwenye ramani ujue ni maili ngapi. Kwa kasi ya noti 90, maili moja na nusu ni dakika moja, hivyo maili 18 ni dakika 12. Rekebisha kidogo kwa upepo, geuka, andika saa, ndipo uanze kusafisha hesabu. Uelekeo uliokosewa kwa nyuzi 5 lakini umeshikwa kwa uthabiti ni bora kuliko uelekeo kamili uliopatikana baada ya dakika kumi za kuzubaa. Mwisho uliza mafuta: yanatosha kufika huko na akiba ikabaki? Sema jibu kwa sauti.

Ukipotea

Mwombe mwalimu akupoteze kwa makusudi: uvae kofia ya kuzibia macho au uiname huku yeye akikata kona mbili tatu, kisha akurudishie usukani. Ukitazama nje na usijue ulipo, fuata mpangilio huu.

1. Shika uelekeo mmoja na usome saa. Kuzunguka ovyo hufuta kila ulichokijua.
2. Panda, kama mawingu na anga vinaruhusu. Juu unaona mbali, na redio inafika mbali.
3. Punguza nguvu za injini ufikie kasi ya kukaa hewani muda mrefu, na uhesabu dakika za mafuta.
4. Chora duara kwenye ramani: kutoka alama ya mwisho ya uhakika, kwa dakika zilizopita, unaweza kuwa wapi? Tafuta kitu kirefu ndani ya duara na uende kukikuta.
5. Ongea. Sema kwenye redio, kwa maneno ya wazi, kwamba hujui ulipo. Kama hujui masafa ya kuita, 121.5 ni ya dharura, na transponda, kifaa kinachoijibu rada kwa namba, ikiwekwa 7700 hukuonyesha kwa kila rada inayokutazama.

Hatua ya tano ndiyo wanafunzi huichelewesha kwa sababu ya haya. Mwongoza ndege anapendelea mwanafunzi aliyekiri akiwa na mafuta ya saa moja na nusu kuliko aliyekiri akiwa na ya dakika kumi.

Uwanja mgeni

Andika kabla: mwinuko wa uwanja, namba za njia za kurukia, urefu na upana wake, upande wa mzunguko, masafa, na maneno utakayosema redioni. Ukibakiza maili 10 uwe umekwisha kusikiliza na kusema. Njia nyembamba kuliko uliyoizoea hukufanya ujione uko juu mno, ukashuka chini kuliko inavyofaa. Njia inayopanda mlima hudanganya vivyo hivyo. Soma altimita na kasi, usiamini picha ya dirishani peke yake. Kama mkao haukupendezi, ongeza nguvu uzunguke tena. Hilo nalo liamue mwenyewe, kabla mkono wa mwalimu haujasogea.

Mkitua, funga mpango wa safari kama uliufungua, maana usipoufunga watu wataanza kukutafuta. Pima mafuta kwa kijiti ulinganishe na hesabu yako. Mlichochoma kikizidi makadirio kwa zaidi ya moja ya kumi, tafuta sababu kabla ya kuruka tena: upepo, mkono wako kwenye mchanganyiko wa hewa na mafuta, au ndege inakula kuliko kitabu kinavyodai.

Kurudi, mwombe mwalimu akae kimya zaidi. Na atakapofungua kitabu chako cha kumbukumbu kuandika idhini, soma alichoandika neno kwa neno: njia ipi, viwanja vipi, kiwango gani cha upepo na mawingu, hadi tarehe gani. Kama ameacha nafasi wazi, mwombe aijaze mbele yako. Kama amesema mrudie safari, muulize ni uamuzi upi alilazimika kukufanyia, na huo ndio muurukie tena.